Ndoo ya Kwanza

Mama Kidege aliamshwa na mgongo wake. Mtaani kwao hapakuwa na jogoo wa kumwamsha mtu. Mji ulikuwa mkongwe, nyumba zilibanana bega kwa bega, na kuku asingepata hata mahali pa kuparua. Lakini mgongo ulijua saa. Ulianza kuuma kabla ya mwanga, naye akajua kwamba wakati wa kuteka maji umefika.

Alijifunga shuka, akachukua ndoo mbili. Walikaa kwenye vyumba viwili vya juu. Ngazi zilikuwa za mbao, nyembamba, na kila moja ililia kivyake. Alishuka kwa kunyata ili asimwamshe mtoto.

Mlangoni alikutana na mumewe. Mume alikuwa mlinzi wa ghala. Yeye alirudi kutoka kazini saa ambayo mkewe alitoka.

"Umeamka?" mume aliuliza.

"Sijui hata kama nililala. Chai iko kwenye chupa."

"Mtoto anaendeleaje?"

"Tumbo. Lile lile."

Mume alishusha pumzi. Alianza kupanda ngazi huku mkono mmoja umeshika ukuta, kama mzee, naye hakuwa mzee. Ndivyo walivyoonana siku nyingi, mmoja akiingia na mwenzake akitoka.

Maji ya mtaa ule yalitoka kwenye Bomba la Jiwe. Lilikuwa kwenye pembe, pale vichochoro viwili vinapokutana. Lilijengwa kwa mawe meupe, na juu yake palichongwa ua kubwa lenye majani yaliyolika kwa mvua na miaka. Chini ya ua kulikuwa na bilula ya shaba, na chini ya bilula kulikuwa na karai la jiwe. Watu wa zamani waliyajenga mabomba kama hayo mji mzima, ili mpita njia anywe bure, awe na kitu au asiwe nacho. Wageni walikuja kulipiga picha. Wenyeji hawakuwa na muda wa kulitazama ua. Wao walitazama ndoo, imejaa au haijajaa.

Usiku bilula ilifungwa na hakuna aliyeteka. Mama Kidege ndiye aliyeifungua alfajiri. Alikuwa wa kwanza kila siku, tangu alipoolewa. Mama mkwe wake ndiye aliyemfundisha.

"Wa kwanza hanywi mashapo, mkwe wangu," Bibi alimwambia siku ile. "Ndoo ya kwanza ndiyo tamu. Mpe mtoto."

Wakati huo mtoto hakuwepo. Lakini alipozaliwa, ndoo ya kwanza ikawa yake. Ilimwagwa kwenye sufuria yake peke yake, ikachemshwa peke yake, na hakuna mtu mwingine aliyegusa maji yale. Ndoo ya pili ndiyo iliyokuwa ya watu wazima. Kama kuna jambo Mama Kidege alilojivunia maishani, ni hilo. Hakuwa na fedha wala shamba. Alikuwa na ndoo ya kwanza.

Asubuhi ile, alipokwisha kupandisha ndoo zake mbili, alirudi tena bombani kuteka maji ya kufulia. Sasa kulikuwa na foleni. Mwisho kabisa alikuja Mama Pacha, fundi cherehani wa nyumba ya chini, macho nusu yamefumba, ndoo ikiburuzwa. Nyuma yake walikuja pacha wake wawili, mvulana na msichana.

"Mama Pacha!" Mama Kidege alimwita. "Leo jua limekuchoma ndipo ukaamka?"

"Kawia ufike, jirani," Mama Pacha alijibu huku akipiga mwayo. "Wewe uliyewahi umepata nini kunizidi? Maji ni hayo hayo."

"Wewe unakunywa mashapo."

"Basi mashapo yananenepesha. Watazame hawa."

Foleni nzima ilicheka. Pacha walikuwa wanaruka ndoo za watu, mmoja baada ya mwingine, mashavu yamejaa. Mama Kidege naye alicheka, lakini kicheko kilimkwama kooni. Zamani Kidege aliruka pamoja nao. Ndiyo maana akaitwa Kidege. Alikuwa hakai chini.

Sasa alikaa. Mama alipofika juu, alimkuta ameketi kwenye ngazi ya mwisho, kichwa ameegemeza ukutani.

"Mbona hujavaa sare, mwanangu?"

"Nimechoka, mama."

"Umechoka nini? Si ndiyo kwanza umeamka?"

"Sijui."

Mtoto wa miaka sita kuchoka asubuhi! Mama alimtazama. Uso ulikuwa umepauka, midomo mikavu. Tumbo lilikuwa gumu, na choo alikipata kwa kulia. Chakula alikisukuma kwa kijiko. Na siku hizi alikuwa na hasira za ghafla, yeye aliyekuwa mpole kama maziwa.

"Minyoo hiyo," alisema Bibi kutoka chumbani.

"Dawa ya minyoo amekunywa, mama. Mara mbili."

"Basi ni maji. Huyachemshi vizuri. Siku hizi mnachemsha maji kama mnayaonyesha moto tu. Yaache yachemke hasa!"

Mama Kidege alikubali. Mwezi ule wote alichemsha maji ya Kidege kuliko wakati wowote. Aliyaacha yakatokota mpaka sufuria iliyojaa ikabaki nusu. Mkaa uliisha haraka, kazini alichelewa, lakini alisema moyoni, afadhali mkaa uishe. Kisha alishuka kwenda kwenye kazi yake. Alikuwa dobi wa nyumba ya wageni. Alifua mashuka tangu asubuhi mpaka vidole vikakunjamana, akayaanika juu ya dari, akayakunja, akarudi.

Mtoto hakupona. Alizidi.

Siku moja jioni mwalimu wa Kidege alimsubiri mama kwenye lango la shule. Alikuwa mwanamke mpole, sauti imekauka kwa kufundisha watoto wengi.

"Mama, nisamehe nikuulize. Kidege analala usiku?"

"Analala mapema kuliko kuku."

"Darasani pia analala. Lakini si hilo linalonitia wasiwasi." Mwalimu alitoa daftari la Kidege. "Hapa ni mwanzoni mwa mwaka. Tazama, ameandika jina lake lote. Na hapa ni leo."

Mama Kidege alitazama. Hakuwa msomaji mkubwa, lakini jina la mwanawe alilijua kwa macho kama anavyoijua sura yake. Kwenye ukurasa wa leo kulikuwa na herufi mbili za mwanzo. Kisha mstari. Kisha hakuna kitu.

"Amesahau?" aliuliza taratibu.

"Aliniambia, 'Mwalimu, zimekwenda.' Mama, mpeleke zahanati. Mimi si daktari. Lakini mpeleke."

Njia nzima ya kurudi nyumbani mama alimbeba Kidege mgongoni, ule ule mgongo unaouma. Tumbo likiuma, mtu hungoja lipone. Lakini herufi zikitoka kichwani mwa mtoto, zinakwenda wapi? Na zitarudi? Hilo ndilo lililomnyima usingizi.

Kesho yake aliomba ruhusa kazini, akampeleka mtoto zahanati. Foleni ilikuwa ndefu. Walipofika kwa nesi, mchana ulikuwa umekwisha. Nesi alikuwa amevua viatu chini ya meza, na alipotabasamu, alitabasamu kwa macho tu, maana uso ulikuwa umechoka.

Alimpima Kidege. Alimbonyeza tumbo, akamtazama macho na ufizi. Akamwuliza mama maswali mengi. Halafu akamtoboa mtoto kidole, akachukua damu.

"Hii naipeleka hospitali kubwa," alisema. "Kuna kitu nakishuku, lakini sitaki kukutia hofu kabla ya kujua. Majibu yakija nitakuita."

Majibu yalikuja wiki iliyofuata. Nesi alifunga mlango, akavuta kiti karibu.

"Mama, damu ya mtoto ina risasi."

"Risasi? Ya bunduki?"

"Metali yenyewe inayotengenezewa risasi za bunduki, ndiyo. Ni nzito, laini, ya kijivu. Ikiingia mwilini ni sumu. Haiui mara moja. Inaingia kidogo kidogo, siku hadi siku. Mtoto anachoka, tumbo linamsokota, choo kinakuwa kigumu, anakuwa na hasira, anasahau. Watu wazima pia inawadhuru, lakini watoto ndio inaowaharibu zaidi, kwa sababu miili yao bado inajengwa. Na ubongo nao bado unajengwa."

Mama Kidege alimvuta mtoto, akamkumbatia kifuani.

"Imeingilia wapi?"

"Hilo ndilo tulitafute. Nyumbani kuna rangi ya zamani inayobanduka?"

"Kuta zetu ni chokaa tupu."

"Kuna mtu anavunja betri za gari, au anayeyusha vyuma?"

"Hakuna. Mume wangu ni mlinzi. Mimi dobi. Bibi yeye anapepeta mchele na kutugombeza."

Nesi alicheka kidogo. "Sufuria zenu?"

"Za dukani, zenye muhuri."

"Maji mnateka wapi?"

"Bomba la Jiwe."

"Saa ngapi?"

Hapo Mama Kidege alinyoosha mgongo. Katika uchovu wake wote, swali hili alilijua jibu lake.

"Mimi ni wa kwanza, nesi. Alfajiri, kabla hajafika mtu. Ndoo ya kwanza ni ya huyu mtoto. Hatumpi nyingine."

Nesi aliweka kalamu chini. Aliyachagua maneno kama mtu anayetafuta mahali pa kukanyaga.

"Mama, sikiliza. Mabomba mengi ya mji huu yamebadilishwa. Lakini baadhi ya yale ya zamani chini ya ardhi yalitengenezwa kwa risasi. Watu wa zamani walipenda risasi kwa sababu inapindika kirahisi. Hawakujua. Mchana watu wakiteka, maji yanapita haraka, hayapati muda wa kuchukua sumu nyingi. Usiku bilula inafungwa. Maji yanalala ndani ya bomba. Yanalala na risasi usiku kucha. Sasa nani anayeyanywa maji yaliyolala?"

Mama Kidege alimkumbuka Mama Pacha akija na ndoo yake ya mwisho, macho nusu yamefumba. Aliwakumbuka pacha, mashavu yamejaa.

"Lakini nachemsha!" alisema kwa nguvu. "Nesi, nachemsha sana. Sufuria nzima inabaki nusu!"

"Kuchemsha kunaua vijidudu, na usiache. Lakini risasi si kijidudu, haina uhai wa kuuawa. Niambie, ukiweka chumvi kwenye maji, ukayachemsha mpaka yabaki nusu, chumvi inakwenda wapi?"

"Inabaki."

"Na maji yanakuwaje?"

"Yanakuwa..." Alimtazama mtoto. "Yanakuwa makali zaidi."

Nje ya dirisha mtu alikuwa anafagia. Kidege alichezea kifungo cha nguo ya mama yake.

"Kwa hiyo ni mimi," mama alisema. "Nimemnywesha kwa mkono wangu."

"Ni bomba," alisema nesi. "Hilo usijitwike. Umebeba ndoo za kutosha." Akamshika mkono uliokunjamana kwa sabuni. "Tumegundua mapema. Kiasi kilichomo kwenye damu yake kinahitaji uangalizi, lakini bado hakijafika pa kumlaza hospitali. La kwanza, kuanzia leo asinywe tena maji yale. Pale uwanja wa soko kuna bilula yenye bomba jipya la plastiki, mteke huko maji ya kunywa na ya kupikia. La pili, asishinde na njaa, maana tumbo tupu linafyonza risasi upesi. Maziwa, mayai, maharage, mboga za majani, machungwa, chochote mtakachopata katika hivyo. Anawe mikono kabla ya kula. Na umlete nimpime tena. Mimi nitawaambia watu wa idara ya maji leo hii."

"Herufi zake zitarudi, nesi?"

Nesi hakukimbilia kujibu. "Watoto wengi hupata nafuu sumu ikikatwa mapema. Sitakudanganya kwamba ni kesho."

Nyumbani, Bibi hakutaka kusikia.

"Mimi nimeyanywa maji yale tangu naolewa! Mume wangu aliyanywa. Ya kale ni dhahabu. Leo nesi wa juzi aje aniambie ni sumu?"

Mama Kidege hakubishana. Alikuwa amechoka mno kubishana. Alichukua sufuria ndogo, akatia maji na chumvi kidogo, akampa Bibi aonje.

"Chumvi imepooza," alisema Bibi.

Akaiweka jikoni. Wote watatu, yeye, mumewe na Bibi, waliketi wakaitazama ikitokota. Maji yalipungua mpaka yakafika karibu na chini. Akayapoza, akampa tena.

Bibi alionja. Uso wote ulikunjamana, akatema kwenye kitambaa.

"Ndivyo nilivyokuwa nampikia Kidege," mama alisema. "Si chumvi. Ile sumu."

Bibi aliinuka, akaenda kwenye rafu, akaichukua sufuria ya Kidege, akaifunika kifudifudi.

"Mimi ndiye niliyesema ndoo ya kwanza iwe yake," alisema, mgongo amewapa. Mabega yake yalitikisika. Mlinzi aliinuka, akasimama nyuma yake, mkono begani mwa mama yake.

Kuanzia siku hiyo mlinzi hakurudi kutoka kazini mikono mitupu. Alipitia uwanja wa soko, akajaza dumu, akalipandisha ngazi zile zinazolia. "Nililinda ghala la watu usiku kucha," alisema, "na nyumbani kwangu mwizi anaingia kwa bomba." Alitaka kuwa mcheshi. Hakuna aliyecheka, lakini mkewe alimpokea dumu, wakalibeba pamoja ngazi za mwisho.

Fundi wa idara ya maji alifika na chupa zake ndogo. Alikuja alfajiri, akafungua bilula mwenyewe, akajaza chupa ya kwanza. Akayaacha maji yatiririke, akajaza nyingine. Kisha akafunua jiwe moja chini ya karai, akaonyesha bomba lilipoingia ukutani. Lilikuwa la kijivu. Alilikwaruza kidogo kwa ufunguo. Mkwaruzo ulimetameta kama fedha.

"Mnaona? Chuma hakikwaruziki hivi. Hii ni risasi," alisema. "Msikwaruze nyinyi. Mimi nimevaa glovu, na hapa nitapafuta."

Foleni ilikuwa imejaa. Watu walianza kunong'ona, na minong'ono ikawa sauti.

"Watalifunga bomba!"

"Wakilifunga tutateka wapi? Soko ni mbali!"

"Nani aliyekwenda kusema?" aliuliza mzee mmoja muuza magazeti. "Si tulikuwa tunakunywa tu, tumetulia?"

Mama Kidege alikuwa nyuma, ndoo yake tupu mkononi. Hakuwa mtu wa kusema mbele za watu. Hata kwenye vikao vya shule alikaa karibu na mlango. Lakini maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga.

"Ni mimi," alisema.

Wote waligeuka.

"Mnanijua. Mimi ni wa kwanza hapa kila siku. Nilijivuna. Nilimcheka Mama Pacha kwa kuchelewa." Alimeza mate. "Mwanangu alikuwa anajua kuandika jina lake. Sasa hajui. Na kila mwenye mtoto mdogo ajue, anayewahi ndiye anayepata maji mabaya zaidi. Siku nisiyokuja mimi, wa kwanza atakuwa mtoto wa mmoja wenu."

Mzee wa magazeti aliangalia viatu vyake. Alikuwa na mjukuu wa kunyonya.

"Hatulifungi," fundi alisema haraka. "Tukilifunga leo mtakunywa mvua? Majibu ya chupa yatakuja. Lakini mpaka tubadilishe bomba, fanyeni hivi. Asubuhi maji ya kwanza yamwagwe, au yatumike kufagilia na kusugulia ngazi. Yaacheni yatiririke mpaka mkono uyaone yamegeuka, yamekuwa baridi. Baridi hiyo ni ya maji mapya kutoka bomba kuu. Hayo mfulie, muogee. Ya kunywa na kupikia, hasa ya watoto na wenye mimba, bado mkateke soko."

"Na nani atakayemwaga?" mtu aliuliza. "Nani atakayeamka alfajiri kumwaga maji?"

Macho yote yalimwendea Mama Kidege, kwa mazoea. Naye alikuwa tayari ameanza kuitikia kwa kichwa.

"Ah-ah," alisema Mama Pacha. "Huyu apumzike. Tutafanya zamu, nyumba kwa nyumba. Naanza mimi."

"Wewe!" watu walipiga kelele. "Wewe utaamka?"

"Nitalala na ndoo kichwani. Mkiniona nakoroma hapa bombani, nimwagieni hayo hayo maji ya kwanza."

Safari hii Mama Kidege alicheka na kicheko kikatoka.

Majibu ya chupa yalikuja. Maji ya kwanza yalikuwa mabaya sana. Ya baadaye yalikuwa na nafuu kubwa, lakini bado si ya kumpa mtoto. Fundi alikuwa amesema kweli.

Kubadilisha bomba hakukuwa kazi nyepesi. Mawe ya kichochoro yalikuwa ya kale, na wakuu wa majengo ya zamani hawakutaka yang'olewe. Walikuja, wakatazama, wakaondoka. Wakaja tena. Nesi alikwenda kuwaona, na akamchukua Mama Kidege. Mama hakusema mengi huko. Aliwaonyesha daftari la mtoto, ukurasa wa mwanzo wa mwaka na ule wenye herufi mbili tu.

Mwishowe wakakubali, kwa sharti kila jiwe lirudi mahali pake. Wafanyakazi waliandika namba kwa chaki juu ya kila jiwe, wakaling'oa taratibu kama jino la mtu wanayempenda. Walitoa bomba la kijivu, vipande vizito vya kushangaza, na kulaza la plastiki. Mawe yakarudi. Ua la juu halikuguswa hata jani moja.

Kidege alikuwa anakaa ngazini akiwatazama. Alikuwa ameanza kula. Tumbo lilikuwa limelegea, na kulia chooni kumekwisha. Alikwishapimwa damu mara ya pili, na nesi alisema, "Inashuka. Bado, lakini inashuka." Mwalimu alimkalisha mbele na kumrudishia herufi moja moja, bila haraka.

Wafanyakazi walipoondoka, walisahau kipande cha chaki. Kidege alikiokota. Mama yake alikuwa anapita na furushi la mashuka kichwani. Alimwona mtoto amepiga magoti juu ya jiwe, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo.

Herufi ya kwanza. Ya pili. Akasimama. Mama alisimama pia, na furushi lile zito kichwani, asithubutu hata kukohoa. Kidege alifuta kwa kiganja, akaanza upya. Ya tatu ilikuja. Ya nne ilikuja kinyume, imeangalia nyuma kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Lakini jina lilifika mwisho.

"Mama! Linasomeka?"

"Linasomeka," mama alisema. Aliweka furushi chini, akakaa juu yake, na hakuinuka kwa muda.

Fundi aliwaambia kwamba sasa maji ni salama, na akaleta majibu mapya ya chupa kuthibitisha. Lakini aliwasihi wasiache desturi ya kumwaga maji yaliyolala. Basi zamu zikaendelea. Maji ya kwanza ya mtaa ule hayakunywewa tena na mtu. Yalisugua ngazi na mawe ya kichochoro, na kichochoro kikang'aa kuliko zamani. Kisha watu waliteka, wakachemsha kama kawaida, wakanywa. Hakuna aliyejali tena ni nani wa ngapi.

Asubuhi moja ilikuwa zamu ya Mama Pacha. Alifungua bilula, akasubiri maji yageuke baridi, akamwaga ndoo juu ya mawe. Jua lilikuwa limeshatoka. Foleni ilijaa, na mtu mmoja hakuwepo.

"Mama Kidege!" aliita akielekeza mdomo dirishani juu. "We Mama Kidege! Leo mvivu ni nani?"

Dirisha lilifunguka kidogo. Kichwa cha Kidege kilitokeza, nywele hazijachanwa, sare amevaa upande upande. Aliweka kidole mdomoni.

"Shangazi, usipige kelele," alinong'ona, na mtaa mzima ukamsikia. "Mama amelala."